Chanjo ya homa ya mafua kwa mtoto mdogo: anza na umri wake

Mzazi akiuliza kama amchanje mwanawe dhidi ya homa ya mafua, yaani influenza, mara nyingi hujibiwa ndiyo au la kana kwamba watoto wote ni sawa. Kwangu mimi umri ndio unaoamua. Mtoto wa kati ya miezi 6 na 23 achanjwe ikiwa pesa inapatikana, na hali kadhalika mtoto wa umri wowote kuanzia miezi 6 mwenye pumu, selimundu, kisukari, ugonjwa wa moyo au VVU. Mtoto wa miaka 5 mwenye afya njema chanjo itamfaa pia, ila mzazi akiamua pesa hiyo iende kwenye chakula au karo sina neno naye.

Njia za hewa za mtoto mchanga ni nyembamba mno. Uvimbe kidogo na makamasi vinatosha kuziba, na mwili wake haujawahi kukutana na kirusi hiki hata mara moja. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa katika watoto wa chini ya miaka 5 wanaokufa kwa maambukizi ya mapafu yanayotokana na influenza, 99% wako katika nchi zinazoendelea. Kirusi ni kilekile kilichoko London na Toronto. Kinachotofautiana ni umbali kutoka nyumbani hadi kwenye mtungi wa oksijeni.

Nchini Kenya jambo hili lilishapimwa na wataalamu. Mwaka 2016 kamati ya kitaifa inayoishauri serikali kuhusu chanjo, KENITAG, ilipendekeza watoto wa miezi 6 hadi 23 wachanjwe dhidi ya influenza. Pendekezo hilo halikugeuka kuwa sindano ya bure katika kila zahanati, kwa hiyo mzigo umeachiwa mfuko wa mzazi. Hilo linaniuma, kwa sababu mtoto anayehitaji kinga hii zaidi ndiye ambaye mzazi wake hana uwezo wa kwenda hospitali ya kulipia.

Tusidanganyane kuhusu nguvu ya chanjo yenyewe. Mwaka ambao virusi vilivyolengwa vinalingana na vinavyozunguka mitaani, hupunguza hatari ya kuugua kiasi cha kupelekwa kwa daktari kwa 40% hadi 60%. Chanjo ya surua, kwa dozi mbili, hufika karibu 97%. Kwa hiyo mtoto aliyechanjwa anaweza kuugua homa ya mafua, na uwezekano mkubwa ni kwamba hataugua vibaya. Tena inakinga influenza peke yake: aina ya A ya H1N1 na H3N2, na aina ya B. Haigusi RSV, kirusi kingine kinachoshambulia mapafu ya watoto wachanga, wala virusi vingine vingi vinavyoleta mafua ya kawaida, ambayo mtoto mdogo huyapata mara 6 hadi 8 kwa mwaka. Anayetarajia pua isitoke kamasi tena atasema amepigwa sindano ya maji.

Kuna kosa jingine linaloanzia kwenye kijitabu cha kliniki. Ile chanjo ya pentavalenti ya wiki ya 6, 10 na 14 ina kinga dhidi ya Haemophilus influenzae aina b, na wapo wazazi wanaoliona jina hilo wakadhani mtoto ameshamaliza habari ya influenza. Huyo ni bakteria, anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Kinga dhidi yake haimzuii kirusi cha mafua hata kidogo.

Sasa tuje kwenye jambo linaloharibika mara nyingi kuliko yote, dozi ya pili. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 8 ambaye hajawahi kuchanjwa influenza anahitaji dozi mbili, zikipishana kwa wiki 4 au zaidi. Dozi ya kwanza huutambulisha mwili kwa kirusi, na ya pili ndiyo inayopandisha kinga hadi kiwango cha maana. Kwa mtoto mchanga dozi moja peke yake huacha kinga dhaifu. Miaka inayofuata dozi moja kwa mwaka inatosha, na kuanzia miaka 9 ni moja tangu mwanzo.

Dozi hiyo ya pili hupotea kwa njia zinazojulikana. Kliniki iliagiza boksi dogo, mzazi anarudi baada ya mwezi anaambiwa zimekwisha. Au alilipa akidhani ni sindano moja, hakupangia nyingine. Au wiki ya kurudi mtoto alikuwa na kikohozi kidogo, ikasemwa asubiri, kisha ikasahauliwa. Kikohozi au mafua mepesi si sababu ya kuahirisha. Homa kali ndiyo sababu, na hata hapo unaahirisha kwa siku chache tu. Kwa hiyo kabla ya kulipia ya kwanza, uliza bei ya zote mbili pamoja na ada ya kumwona daktari, kisha waombe wakuwekee ya pili na waandike tarehe yake kwenye kijitabu. Ukichelewa, hata kwa miezi miwili, hakuna kuanza upya. Mtoto apewe iliyobaki, na si lazima itoke kiwanda kilekile.

Kuhusu kipimo, siku hizi chanjo nyingi hutolewa mililita 0.5 kwa kila mtoto kuanzia miezi 6. Chache bado zinaelekeza mililita 0.25 kwa walio chini ya miaka 3. Anayechanja asome karatasi iliyomo ndani ya boksi, maana wapo waliozoea utaratibu wa zamani na hukata dozi nusu kwa mazoea. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja huchomwa kwenye paja, upande wa mbele kuelekea nje. Aliyevuka mwaka anaweza kuchomwa begani ikiwa msuli umejaa. Sindano ya surua na rubela ya miezi 9 inaweza kutolewa siku hiyohiyo, kila moja kwenye kiungo chake.

Jambo la kulikagua kwa macho yako mwenyewe ni friji. Chanjo hii hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikiganda imekufa. Wengi huogopa joto peke yake, wakasahau kuwa boksi lililosukumwa nyuma kabisa hadi kugusa ukuta wa friji ya kawaida linaweza kuganda usiku mmoja. Na ikishaganda, ikayeyuka, huwezi kuitambua: maji yake yanarudi kuwa kama yalivyokuwa. Kile kibandiko kinachobadilika rangi kwenye baadhi ya vichupa huonyesha joto lililopita kiasi, hakionyeshi barafu. Na ule mtindo wa wauguzi wa kutikisa kichupa na kutazama mashapo yanavyotuama hufaa kwa chanjo zenye chumvi za alumini kama pentavalenti. Kwa influenza ya kawaida hausaidii.

Basi uliza bila haya kama ndani kuna kipimajoto, na karatasi ya kuandikia nyuzi asubuhi na jioni iko wapi. Kliniki makini huibandika mlangoni mwa friji. Ukiona soda na chakula cha mchana vimepangwa pamoja na chanjo, nenda kwingine. Usikubali pia ushauri wa kununua chanjo kwenye duka la dawa na kuibeba mwenyewe hadi kwa nesi. Ukiifungia na vipande vya barafu vikiigusa, itaganda njiani. Ukiibeba mkobani kwenye matatu mchana wa jua la Mombasa, itapikika. Achanjwe palepale inapohifadhiwa, na msiondoke kabla ya dakika 15 kupita. Mzio mkali ni nadra sana, kama mtu mmoja kwa kila dozi milioni, lakini ukitokea mara nyingi huanza mapema, na adrenalini, dawa ya kuutuliza, inatakiwa iwe karibu.

Soma pia tarehe ya mwisho na msimu ulioandikwa kwenye boksi. Shirika la Afya Duniani hutangaza mchanganyiko wa virusi mara mbili kwa mwaka, Februari kwa nusu ya kaskazini ya dunia na Septemba kwa nusu ya kusini. Kenya imekatwa na ikweta, na huku virusi hivi huzunguka mwaka mzima, vikipanda na kushuka. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema subiri baridi ya Juni. Mtoto akitimiza miezi 6, na chanjo isiyopitwa na wakati ipo, achanjwe. Kinga huchukua kama wiki mbili kujijenga baada ya dozi, kwa hiyo anayengoja mpaka chekechea nzima ianze kukohoa amechelewa. Miezi 6 pia ndiyo wakati wa vitamini A ya kwanza, na katika kaunti zenye malaria nyingi za magharibi chanjo ya malaria huanza hapo na kuendelea mwezi wa 7. Mzazi tayari yuko safarini miezi hiyo miwili. Taabu ni kwamba vitamini A iko zahanati ya serikali na influenza iko kwa daktari binafsi, kwa hiyo zinabaki kuwa safari mbili.

Hofu za wazazi zina historia, na hazistahili kudharauliwa. Sindano ya influenza imetengenezwa kwa virusi vilivyouawa au vipande vyake, hivyo haiwezi kumpa mtoto homa ya mafua. Maumivu pale alipochomwa, homa ndogo na kulialia kwa siku moja au mbili ni kawaida. Degedege ya homa inaweza kutokea, kwa nadra. Mwaka 2010 nchini Australia chanjo moja, Fluvax ya kampuni ya CSL, ilileta degedege kwa watoto wa chini ya miaka 5 kupita kiasi. Utoaji wake kwa umri huo ulisitishwa mwezi wa Aprili mwaka uleule. Na Pandemrix, chanjo ya janga la H1N1 la 2009, ilihusishwa na ugonjwa wa kusinzia ghafla kwa watoto na vijana wa Finland na Sweden. Haitumiki tena. Mimi nayataja haya kwa sababu mzazi akiyasikia kwanza kwenye ujumbe wa WhatsApp ataamini kuwa alifichwa. Yalijulikana kwa sababu kuna watu wanaohesabu na kufuatilia, na bidhaa zinazotolewa leo kwa watoto ni nyingine.

Mtoto akipata homa baada ya sindano, na hana raha, mpe paracetamol kwa uzito wake, miligramu 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 8, kwa dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5, ni mililita 5, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Usimpe kabla homa haijaja.

Mtoto wa chini ya miezi 6 hachanjwi influenza kabisa, na huyo ndiye aliye hatarini kuliko wote. Kinga yake hutoka kwa mama aliyechanjwa akiwa mjamzito. Kama nyumba ina pesa ya mtu mmoja na kuna mjamzito, pesa hiyo iende kwake, maana sindano moja inawakinga wawili.

Kwa ndugu zetu walioko Uingereza mambo ni tofauti. Huko watoto wa miaka 2 na 3 hupewa bure kwa daktari wa mtaa, na wanafunzi hupewa shuleni, kwa kunyunyiziwa puani. Dawa hiyo ina jelatini ya nguruwe. Mzazi Mwislamu asiyeitaka ana haki ya kuomba sindano isiyo na jelatini, na aombe mapema kabla siku ya shule haijafika, kuliko kukataa fomu na mtoto akabaki bila chochote. Walioko Marekani wakumbuke kuwa msimu wa 2024–25 uliua watoto wapatao 280, na zaidi ya theluthi moja yao hawakuwa na ugonjwa mwingine wowote. Wengi mno katika waliofikia umri wa kuchanjwa hawakuwa wamekamilisha dozi zao.

Achanjwe au asichanjwe, mtoto akishikwa na homa na kikohozi hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia, fulana ikiwa imefunuliwa. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Kifua kikibonyea ndani chini ya mbavu kila anapovuta hewa, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke vizuri, usingoje kupambazuke. Usimpe aspirini. Antibiotiki haziui kirusi hiki, kwa hiyo usizinunue kwa kubahatisha. Kama ni mtoto wa yale makundi niliyoanza nayo, mwulize daktari kuhusu oseltamivir, dawa ya kupambana na kirusi cha influenza, siku ya kwanza ya homa, kwa kuwa dawa hiyo hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 48.