Tumbo la ndani nalo lifanyiwe mazoezi

Hapa Mtwara mwanamke akianza kukimbia ufukweni Shangani, swali la kwanza analoulizwa ni kama anataka kukata tumbo. Sina ugomvi na kukata tumbo. Ila tunalolisema kila siku ni la nje tu, na kazi kubwa iko ndani.

Utumbo mpana umejaa bakteria, wengi wao wenye faida. Wanachachusha nyuzinyuzi za chakula tulizoshindwa kuzisaga, na humo wanatengeneza butireti, aina ya asidi, ambayo ndiyo inayolisha ukuta wa utumbo wenyewe. Mwaka 2017 watafiti wa Hispania walitoa matokeo ya kuwalinganisha wanawake 40 wa miaka 18 hadi 40: wanaofanya mazoezi angalau saa 3 kwa wiki, na wanaoshinda wamekaa. Wa mazoezi walikutwa na bakteria wengi zaidi wanaotengeneza butireti.

Mbishi atasema hao walikula vizuri zaidi. Ni kweli, matunda na mboga walikula zaidi. Ndiyo maana mimi naupenda zaidi utafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, wa 2018. Watu 32, wake kwa waume, wasiozoea mazoezi, walifanyishwa mara 3 kwa wiki kwa wiki 6, chakula chao kikiwa kilekile. Butireti ikapanda, hasa kwa wasio wanene. Wakarudi kukaa wiki 6 nyingine, na sehemu kubwa ya faida ikapotea.

Hapo ndipo penye kidonda chetu. Mazoezi yetu ni ya msimu: harusi ikikaribia watu wanakimbia, sare ikishawakaa vizuri, raba zinarudi uvunguni.

Mama wa Newala anayelima kwa jembe na kujitwisha ndoo simfundishi mazoezi. Ninaowasema ni sisi wa kukaa: wauza maduka, makarani, na wale wanawake wa viwanda vya korosho. Mmenyaji anashika kisu kidogo tangu asubuhi, anabandua ganda la ndani punje moja moja asiivunje, jioni anainuka kiuno kimekakamaa. Akipanda bodaboda simlaumu, amechoka jamani. Lakini kuchoka kwa kukaa hakuhesabiki kuwa mazoezi, na mwenye kiwanda angeweza kabisa kuwapa muda wa kunyoosha miguu.

Chakula cha hao bakteria tunacho tele: kisamvu, mbaazi, kunde, ming'oko (viazi vya porini) ya kuchemsha na pilipili yake. Cha ajabu, tunayapita hayo sokoni tukanunue dawa ya kusafisha tumbo kwenye chupa ya maji isiyo na lebo, inayokuendesha kutwa nzima. Unasafisha nini, shoga yangu, kama wenye kazi humo ndani ndio unaowafukuza? Nusu saa ya mwendo wa kutoa jasho, siku 6 za wiki, ndizo hizo saa 3 za Hispania, na hailipiwi. Hela ya chupa kanunue mbaazi.