Crown Inataka Tairi Lake

"Tairi ni tairi tu, mama, cha msingi meno yawe yamejaa. Halafu hizi ni Bridgestone orijino, za Japani kabisa."

Maneno hayo aliambiwa mama yangu mdogo kwenye kibanda kimoja cha matairi hapa Dar, baada ya yeye kueleza vizuri kabisa kwamba anataka matairi yasiyopiga kelele. Akafungiwa manne, akalipa, akaondoka. Gari lake ni Toyota Crown Royal Saloon, ile inayoitwa Zero Crown, gari ambalo kwenye foleni unaweza kusahau kama limewaka. Leo ukipita Kibaha kuelekea Chalinze, mshale ukigusa 80, kuna mvumo unapanda kutoka chini ya sakafu mpaka mnaongea kwa kupaza sauti. Fundi akasema beringi za mbele zimekwisha. Zikabadilishwa. Mvumo uko palepale, na pesa ya beringi imekwenda.

Niliinama nikasoma ubavu wa tairi. Limeandikwa BLIZZAK. Mwishoni mwa herufi za DOT kuna tarakimu nne: 4112. Yaani lilitengenezwa wiki ya 41 ya mwaka 2012. Mama mdogo, mwalimu mstaafu, anaendesha gari kwenye joto la nyuzi 32, na mvua za masika zikija, juu ya matairi ya theluji yenye umri wa zaidi ya miaka kumi. Nimeshindwa kunyamaza.

Jina la kampuni halikuambii tairi ni la kazi gani. Hapa kwetu mtu anaingia dukani anasema "nipe Bridgestone" au "nipe Michelin", anaulizwa ringi ngapi, biashara imekwisha. Bridgestone hiyohiyo inatengeneza Blizzak kwa ajili ya theluji na barafu, Potenza kwa wanaopenda mwendo na kona, Dueler kwa magari ya juu kama Prado, Ecopia kwa kubana mafuta, na Turanza na Regno kwa wanaotaka utulivu. Michelin wana Primacy na wana Pilot Sport, na hizo mbili hazikutengenezwa kwa dereva mmoja. Yokohama wana ADVAN dB, ambayo hizo herufi mbili za mwisho ni desibeli zenyewe, na wana iceGUARD ya barafu. Mwenye sedan tulivu akitaja kampuni tu, bado hajasema anachotaka, na muuzaji atampa kilichopo.

Kilichopo, mara nyingi, ni hayo ya theluji. Inafaa mjue yanafikaje huku, kwa sababu ukijua utaelewa kwa nini meno yanakuwa yamejaa hivyo. Japani kuna mikoa inayozama kwenye theluji kila mwaka, Hokkaido na upande wote wa kaskazini, na watu wa huko wana seti mbili za matairi: ya kiangazi na ya baridi. Tairi la baridi linatoka kiwandani na meno marefu, kama milimita 9 au 10, na katikati ya mifereji yake kuna alama inayoonyesha nusu. Meno yakifika hapo, kwa Mjapani tairi hilo halifai tena kwenye theluji. Analitoa. Lakini nusu ya milimita 10 ni milimita 5, na ukilitazama kibandani unaona tairi zima lenye maisha marefu mbele yake. Muuzaji hadanganyi anaposema meno yapo. Meno yapo, ila raba yenyewe ilichanganywa ibaki laini kwenye baridi kali, na kila jino limechanwachanwa kwa wembe mwembamba ili liume barafu. Kwenye lami ya moto ya Dar jino la namna hiyo linayumba, linaliwa upande, linaisha haraka. Likishazeeka raba inakauka, ule ulaini unapotea, na kinachobaki ni jino gumu lililoliwa kombo linalopiga lami mamia ya mara kwa sekunde. Huo ndio mvumo ambao mafundi wengi wanauita beringi.

Kelele ningeweza kuivumilia. Kusimama ndilo jambo linaloniumiza zaidi. Raba iliyozeeka haishiki lami yenye maji, na Crown ni gari la zaidi ya tani moja na nusu. Yule kijana wa kibandani alimuuzia mama yangu mdogo kitu ambacho siku ya mvua, pale Kimara mtu akikatiza ghafla, kitaongeza mita za kusimama ambazo hana. Na alimuuzia kwa kumsifia. Tafadhali, kama una mzazi mwenye gari, usisubiri akuombe. Nenda kasome ubavu wa matairi yake jioni hii. Ukikuta neno STUDLESS, yaani tairi la theluji lisilo na misumari, au mchoro wa chembe ya theluji ndani ya mlima, au alama ya mwendo Q, ambayo maana yake ni mwisho kilomita 160 kwa saa wakati gari lenyewe lilitoka na H ya 210, mwambie ukweli, na kama una uwezo mchangie.

Umri ni hivyohivyo hata kwa tairi ambalo halijawahi kugusa barabara. Michelin na Continental wote wanasema tairi likifika miaka kumi tangu litengenezwe litolewe, hata kama linaonekana zuri, na Michelin wanataka likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi. Sasa chukua tairi hilo ulianike nje ya duka, jua la Dar lilipige kutwa nzima, mwaka juu ya mwaka. Ukiambiwa "jipya", omba uone tarakimu nne kabla halijapanda kwenye ringi. Mwenye duka akikasirika kwa ombi hilo, toka.

Kuna kundi jingine la ushauri linalonikera: "Funga ya plai nyingi, mzee, hutaona pancha." Plai ni tabaka za ndani zinazolipa tairi nguvu, na wanachokufungia ni tairi lenye C mwishoni mwa saizi, lililotengenezwa kwa gari la mizigo, Hiace na wenzake. Ukuta wake ni mgumu ili ubebe magunia. Ukiliweka kwenye Crown, Mark X au Premio, kila kijiwe utakihisi kwenye kiti. Tazama namba ya mzigo iliyoandikwa kwenye tairi la saizi ya gari lako: 95, kwa mfano, ni kilo 690 kwa tairi moja. Mara nne ni kilo 2,760. Sedan yako na familia yako yote na mkungu wa ndizi haifiki huko. Hiyo nguvu ya ziada unainunua kwa maumivu ya mgongo.

Halafu ringi. Hapa najua nitagombana na vijana. Royal Saloon ya mama mdogo ilitoka na 215/60R16. Ile asilimia 60 ya upana wa milimita 215 ni ukuta wa milimita 129 za raba na hewa kati ya ringi na shimo. Ukifunga 18 za saizi 225/45, ukuta unabaki milimita 101. Karibu sentimita tatu za mto umezitupa, na hakuna shokapu itakayozirudisha. Toyota wenyewe walijua: zile 18 waliziweka kwenye Crown Athlete, gari la mwenye kutaka kuhisi barabara, na Royal wakaiachia 16 kwa sababu mteja wake alitaka kufika bila kuchoka. Nakubali kwamba Crown ikisimama juu ya ringi 18 inapendeza. Inapendeza kweli. Lakini waliokwenda nayo Morogoro na kurudi, wakapita matuta yote yale, wanajua walivyoamka kesho yake. Kama lengo ni gari tulivu, baki na saizi iliyo kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva.

Na hapohapo kwenye kibandiko soma upepo. Sedan nyingi ziko kati ya PSI 30 na 36. Kijana wa pampu anajaza 40 kwa kila anayekuja, na gari linaanza kuruka kama limefungwa chuma chini. Mwambie namba, simama naye, hakikisha matairi yamepoa.

Tangu General Tyre ya Arusha isimame, karibu kila tairi la gari dogo tunalofunga limebuniwa kwa ajili ya barabara na hali ya hewa ya watu wengine, ndiyo maana kusoma ubavu imekuwa kazi yetu sisi wanunuzi. Kwa wanaonunua mapya kabisa, mengine yanakuja na kile kibandiko cha Ulaya ambacho wauzaji wengi wanakibandua kabla hujakiona. Dai ukione. Kinaonyesha mambo matatu: ulaji wa mafuta, kushika kwenye maji, na kelele kwa desibeli. Watu wanakimbilia desibeli. Mimi naanza na herufi ya maji, A ikiwa bora na E ikiwa ya chini kwa vibandiko vya kuanzia mwaka 2021, halafu ndiyo nashuka kwenye kelele. Hiyo kelele yenyewe inapimwa nje ya gari, gari likipita kwa kilomita 80, maikrofoni ikiwa mita 7.5 pembeni, kwenye lami laini ya majaribio. Haikuambii moja kwa moja utakachosikia ukiwa ndani, kwenye barabara iliyomwagiwa kokoto kubwa. Inakusaidia kulinganisha. Tofauti ya desibeli 3 si ndogo, maana kila 3 zikiongezeka nguvu ya sauti inakuwa mara mbili. Kwa hiyo kati ya tairi la 68 na la 71, yote mawili yakiwa na herufi moja ya maji, chagua la 68 na usisite kuongeza pesa kidogo.

Yapo pia yenye sponji iliyobandikwa ndani, inayopunguza mwangwi wa hewa iliyofungiwa kwenye tairi. Ni mazuri, ila kuyaziba pancha kwa kiraka cha ndani ni kazi, na kwa misumari ya mitaani kwetu siyahitaji.

Najua bei. Manne mapya ya daraja la utulivu kutoka kampuni kubwa ni pesa ambayo familia nyingi inabidi ziikusanye kwa miezi. Sitamsema dereva wa teksi anayefunga mtumba ili watoto wale. Na nikubali, ingawa zamani nilikuwa mbishi, kwamba baadhi ya matairi mapya ya Kichina sasa yanafanya kazi yake: tairi jipya la kiangazi la bei nafuu, la saizi sahihi, lililotengenezwa mwaka jana, ni salama kuliko Blizzak ya 2012 hata iwe na jina kubwa kiasi gani. Nakubali vilevile kwamba tairi tulivu lina ukuta laini, na kama kila siku unapita barabara ya mawe makali kwenda shamba, litachanika. Mtu huyo anahitaji kitu kingine, na pengine gari jingine.

Mama mdogo ameamua kununua mapya, 215/60R16 95H, ya daraja la utulivu, na alaimenti na balansi zifanyike siku hiyohiyo. Pesa ya kikoba ikitoka kwa awamu, ataanza na mawili. Hayo mawili yatafungwa nyuma. Mafundi wengi watabisha, watasema mapya hukaa mbele kwa sababu ndiko kwenye usukani. Wasikilize, kisha sisitiza nyuma, hata kama gari lako linavutwa na magurudumu ya mbele. Maji yakizidi barabarani na mbele ikateleza, ukiachia mafuta taratibu mbele inarudi kushika. Nyuma ikiteleza gari linageuka, na dereva wa kawaida, mimi nikiwemo, hana muda wa kulirudisha.