Mtu wa Storm ni Kitty, si T'Challa

Mashabiki wa X-Men, kile kikosi cha mashujaa wenye nguvu za ajabu kwenye vitabu vya katuni vya Marvel, wakianza kubishana nani anamfaa nani, haichukui muda wanaishia kwa Jean Grey, Cyclops na Wolverine. Mimi hapo huaga. Wanaume wawili wanamgombea mwanamke mmoja mwaka nenda mwaka rudi, Scott (ndiye Cyclops) kanuna, Logan (ndiye Wolverine) katunisha misuli, na hakuna anayebadilika.

Jozi yangu mimi ni Storm na Kitty Pryde, wala hakuna mapenzi ndani yake. Chris Claremont, aliyekiandika kikosi hiki tangu 1975 hadi 1991, alimleta Kitty mwaka 1980: binti wa miaka 13 na nusu kutoka Illinois, anapenya kuta, mdomo haufungi. Ororo naye (ndilo jina halisi la Storm), mama Mkenya, baba Mmarekani, alibaki yatima akiwa mdogo Cairo, na Profesa Xavier, mwanzilishi wa X-Men, alimkuta Kenya watu wakimwabudu kama mungu. Aliyezoea kupigiwa magoti sasa ana mtoto anayemganda na kumwuliza kila kitu. Akawa somo wake hasa, wa kumsikiliza na kumkanya.

Ndiyo maana toleo la 173, la mwaka 1983, linauma hadi leo. Wako Japani kwa harusi ya Wolverine. Storm ametoka kuzurura na Yukio, mwanamke asiyejali kufa wala kupona, na anarudi kanyoa kiduku, kavaa ngozi nyeusi. Zile nywele ndefu nyeupe hazipo tena. Kitty anamtazama, machozi yanamtoka, anakimbia. Mchoraji Paul Smith hakuhitaji adui wala ghorofa linaloporomoka. Mtoto ameona mlezi wake ana maisha asiyomshirikisha, basi. Ororo inamchoma, lakini hamfuati kwa kujifanya yule wa zamani.

Cyclops naye hupendeza zaidi akikutanishwa na Storm kuliko na Jean. Toleo la 201, mwaka 1986, wanapigania uongozi, na Storm wakati huo hana kabisa nguvu zake za kuamuru hali ya hewa. Anamshinda kwa akili, anamvua miwani yake inayodhibiti miale ya macho yake. Scott ana mke na kichanga nyumbani, bado anang'ang'ania kuongoza! Kushindwa kule kulimstahili. (Urafiki wa Wolverine na mwenzao Nightcrawler kwenye bia zao ningeuandikia makala yake peke yake.)

Halafu ikaja 2006, Storm akaolewa na T'Challa, Black Panther. Nilijua kwa nini tulishangilia: Waafrika wawili, mfalme na mungu wa mvua. Lakini ukitoa visa vichache vya ujana wao, hawa walikuwa wameishi kwenye vitabu tofauti kwa miaka mingi. Hatukuwahi kuwaona wamechoshana na wamesameheana. Ilikuwa posa ya wahariri, vyeo vikaoana kabla ya watu. Mwaka 2012 Namor, mfalme wa baharini aliyekuwa upande wa X-Men, akaifurikisha Wakanda, nchi ya T'Challa, naye T'Challa akaibatilisha ndoa, nami sikushtuka hata kidogo. Storm akikaa kimya siku nzima, Kitty angejua amekasirika au amechoka. Mume wake sina hakika kama kuna aliyemwandika akijua.

Mwandishi yeyote akinipa toleo zima la Ororo na Kitty mtu mzima, wamekaa jikoni wanabishana bila adui hata mmoja, naweka oda siku hiyohiyo.