Mvueni Mtoto Sweta

Baridi ya Julai hapa Uyole, Mbeya, mnaijua. Mtoto anavikwa fulana, juu yake sweta, juu yake sweta la dada yake, halafu kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi. Akifika zahanati, kinachoonekana ni macho na makamasi.

Jumatatu iliyopita nilikuwa kwenye benchi na wa kwangu mwenye kikohozi. Mbele yetu mama mmoja na mtoto wa kiume, kama miaka mitatu, mikono yote miwili imezungushiwa kipande cha kitenge. "Kamwagikiwa na maji ya moto, sista. Juzi." Juzi! Nesi akapandisha mikono ya sweta hadi kwenye kiwiko, akasafisha, akapaka dawa, akafunga bandeji, akaandika kwenye daftari. Rudini Alhamisi. Anayefuata!

Mtoto hakulia. Wangu analia akiona tu koti jeupe, huyu anasafishwa kidonda cha moto na anamtazama yule mama usoni, kama anayesubiri ruhusa.

Usiku nikampigia dada yangu, ni nesi huko Mafinga. Nikamwambia malengelenge yaliishia juu kidogo ya vifundo, mikono yote miwili sawasawa, kama amevaa glavu. Akanyamaza. "Maji yakimwagika yanaruka, mdogo wangu. Yanachirizika, hapa pakubwa pale tone. Hayachori mstari. Mstari huchorwa na mkono uliotumbukizwa." Nikamuuliza yeye angefanya nini. "Kwanza ningemvua sweta."

Basi makala yangu yote ni hiyo sentensi.

Semina za ukatili dhidi ya watoto zipo, nani kasema hazipo? Ukumbini mjini, bango nyuma ya meza kuu, maji ya chupa, posho. Anayekwenda ni mkubwa wa kituo, anarudi na begi lenye maandishi. Aliyeshika bandeji amebaki anafunga vidonda. Na akibahatika kwenda, anafundishwa haki za mtoto, mikataba, kamati, nani anaripoti kwa nani. Mazuri hayo. Lakini nani amemsimamisha mbele ya mtoto na kumwambia: tazama nyuma ya sikio, shingoni, mgongoni, tumboni? Mtoto anayekimbia anajigonga goti, ugoko na paji la uso, hiyo ni kazi yake. Nyuma ya sikio hapagongwi na kukimbia. Na mtoto ambaye hajaanza hata kutambaa akikutwa na alama ya kuvilia damu, amejigonga wapi? Muulize mama, halafu muulize bibi pembeni, usikie kama maji yalimwagika jikoni au uani. Muulize kwa nini amemleta leo na si juzi ile ile.

Wala si ujinga wa huku kwetu tu. Marekani walikuwa na picha za eksirei zenye mfupa uliovunjika jana kando ya mfupa uliounga zamani, lakini ni mwaka 1962 ndipo daktari wa watoto Henry Kempe na wenzake walipoandika waziwazi kwamba watoto hawa wanapigwa. Mashine ziliona. Madaktari ndio walioshindwa kuamini kuwa mzazi anaweza. Sisi tuna kizuizi cha ziada: utafiti wa kitaifa wa 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana wetu walipata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Hesabu mwenyewe, nesi naye alikulia wapi? Jicho lililozoea fimbo halishtuki kwa mlia wa fimbo.

Haya, nikubali yasiyokwepeka. Nesi yuko peke yake na foleni imefika kwenye mwembe wa parachichi, sorry, kwenye mparachichi. Chumba alichopanga ni cha shemeji wa mtuhumiwa. Akitoa taarifa asubuhi, jioni hata muuza mahindi anajua ni nani, na siku ya mahakama nauli ni yake. Na ndiyo, watoto wetu wengi huzaliwa na baka la buluu matakoni, asije mtu akampeleka mama wa watu polisi kwa baka la kuzaliwa. Ndiyo maana nasema afundishwe!

Lakini taarifa si hukumu. Nesi haambiwi amtaje mkosaji. Kuna afisa ustawi wa jamii, kuna Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, kuna 116, simu ya msaada kwa mtoto, ya bure. (Na PF3, ile fomu ya polisi? Isisubiriwe. Mtoto aliyebakwa ana saa 72 za kuanza dawa za kuzuia VVU. Karatasi itamfuata.)

Sasa niseme lililonikosesha usingizi. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, haimtaji nesi. Inasema mwanajamii yeyote mwenye taarifa ana wajibu wa kuripoti. Mwanajamii yule alikuwa mimi, kwenye benchi, simu mkononi, naangalia picha za harusi ya watu. Nilipiga 116 Jumanne. Wakaniuliza jina la mtoto, anakaa wapi. Sikujua.

Alhamisi nikarudi zahanati mapema, bila mgonjwa, nikakaa mpaka nesi akaanza kufagia. Hawakuja.