Tiba ya kutafuta maana inamfaa nani Dodoma?

Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe ipo tangu 1927 na imewatibu wengi, lakini mtaani hapa Dodoma ukimwambia mtu aende Mirembe umemtukana. Ndiyo maana wenye sonona na wasiwasi hubaki nyumbani wakijibu, "nina mawazo tu." Kwa watu hawa tiba ya udhanaishi, yaani tiba ya mazungumzo inayoshughulika na maswali makubwa ya kuishi kama maana, uhuru na kifo, ina mvuto: haianzi kwa kukuita mgonjwa, inaanza kwa kukuuliza unaishi kwa ajili ya nini.

Viktor Frankl, daktari wa Vienna aliyepita katika kambi za Wanazi, Auschwitz ikiwamo, alisimulia habari za daktari mzee aliyefiwa na mkewe na kushindwa kuinuka kwa miaka miwili. Frankl alimuuliza: ingekuwaje kama wewe ndiye ungetangulia? Mzee akasema mkewe angeteseka mno. Basi, akaambiwa, mateso hayo umemwepusha wewe, na gharama yake ni kubaki ukimlilia. Mzee akampa mkono, akaondoka kwa utulivu.

Swali lile hunirudia kila nikikaa msibani. Sisi tumezoea "kazi ya Mungu haina makosa", kauli ya imani, nami naiheshimu, lakini mara nyingi ikishatamkwa mfiwa hana tena la kusema. Frankl alimwachia mfiwa alitafute jibu mwenyewe. Kwa mjane wa Mpwapwa au mstaafu anayejiona hana kazi tena duniani, naamini swali la namna hiyo linaweza kufika mahali ambapo kidonge peke yake hakifiki.

Ila mchukue mkulima wa Bahi. Mvua zetu ni za msimu mmoja. Zikikatika Februari, mtama unanyauka kabla ya kutoa masuke. Kumuuliza huyu maana ya maisha wakati ghala ni tupu ni kumwongezea mzigo, kana kwamba ameshindwa hata kuteseka vizuri. Frankl mwenyewe alionya: mateso yanayoweza kuondolewa, ondoa chanzo chake kwanza. Baadhi ya wanaomfuata hulisahau hilo.

Kuna pia suala la uhuru, ambalo Irvin Yalom, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, katika kitabu chake cha 1980, aliliweka pamoja na kifo, upweke na kukosa maana kama mizizi ya hofu zetu. Binti ambaye wajomba wameshaanza kujadili mahari yake, utamwambia yuko huru kuchagua? Anayo nafasi, ndiyo, lakini inapitia kwa shangazi atakayemsemea. Mtaalamu asiyemjua shangazi huyo atamwacha binti na upweke mkubwa kuliko aliokuja nao.

Ushahidi nao umegawanyika. Uchambuzi wa mwaka 2015 uliokusanya majaribio 15 ulikuta tiba zinazoshughulikia maana moja kwa moja zikisaidia vizuri, huku nyingine za udhanaishi zikionyesha matokeo hafifu au kutoonyesha kabisa. Zimbabwe walikwenda njia nyingine: wanawake wazee waliofunzwa huketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, wakasaka pamoja suluhisho la tatizo moja moja, na jaribio lililochapishwa 2016 lilionyesha dalili zikipungua.

Mimi ningeanza na benchi, kwa sababu njaa na deni havingoji. Swali la maana lingekuja baadaye, kwa msiba au ugonjwa usioondoka. Na asiyekula, asiyelala, anayewaza kujiua, asianzishiwe falsafa: apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni Mirembe, na ndugu mmoja abaki naye.