Kura za mwanga: CMOS ilishinda, lakini kwa sababu gani?

Mwaka 2015 Sony iliwaarifu wateja wake kwamba itaacha kutengeneza vihisi picha vya CCD na kubaki na CMOS, aina mbili za chipu zinazogeuza mwanga kuwa picha ndani ya kamera. Tangu hapo hadithi husimuliwa kwa mkato: CCD ilikuwa teknolojia ya kizamani, CMOS ni bora, basi. Kwamba CMOS imeshinda sibishi; simu uliyoshika ni ushahidi tosha. Ninachobishia ni sababu. Haikushinda kwa kuona vizuri zaidi. Ilishinda kwa kuhesabu upesi na kwa gharama ndogo, na anayetafuta kamera ya kupimia vitu, si ya kupigia picha za harusi, hana budi kuijua tofauti hiyo.

Kimsingi vyote viwili hufanya kazi ileile. Chembe ya mwanga, yaani fotoni, ikizama ndani ya silikoni hubandua elektroni, na elektroni hizo hukusanywa katika vijumba vidogo tunavyoviita pikseli. Joto nalo hubandua elektroni hata gizani, ndiyo maana kamera za darubini kubwa hupozwa hadi nyuzi kama 100 chini ya sifuri. Rangi hazimo. Huletwa na vichujio vyekundu, vya kijani na vya buluu vinavyofunika pikseli mojamoja, mpangilio wa Bryce Bayer wa Kodak uliopata hataza mwaka 1976. Kwa hiyo katika kila pikseli ya picha ya rangi, rangi moja imepimwa na mbili zimekisiwa na programu kwa kuchungulia majirani. Wengi hushtuka wakiambiwa hivyo.

Tofauti inaanzia kwenye kuhesabu. Chukulia uchaguzi wenye vituo milioni kadhaa: kituo ni pikseli, kura ni elektroni. Katika CCD, iliyobuniwa na Willard Boyle na George Smith kwenye maabara za Bell mwaka 1969, hakuna kituo kinachohesabu kura zake. Masanduku husogezwa kituo hadi kituo, safu kwa safu, mpaka yamfikie karani mmoja aliyekaa pembeni, yaani amplifaya, kikuza ishara. Katika CMOS kila kituo kina karani wake.

Karani mmoja ana heri yake: akikosea, hukosea vilevile kwa wote, na kosa la namna hiyo ni rahisi kulisahihisha. Balaa lipo njiani. Chaji, yaani elektroni zilizokusanywa, ikihama mara 2,000, na kila hatua ikafikisha asilimia 99.999 ya elektroni, mwisho wa safari zitafika takriban asilimia 98. Kila hatua ikifikisha asilimia 99.9 tu, ambayo kwa masikio ya wengi ni nzuri sana, zitafika chini ya 14. Angani hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa mnururisho huchimba mashimo ndani ya silikoni, elektroni zikanaswa na kuachiwa kwa kuchelewa. Picha za darubini ya Hubble zimeonyesha nyota zikiburuta mikia kwa sababu hiyo.

Hapo ndipo Eric Fossum alipoingia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mhandisi huyu akiwa JPL, maabara ya NASA, shirika la anga la Marekani, alitaka kamera ndogo za vyombo vya anga zisizokula umeme mwingi. Vihisi vyake vya CMOS vilitengenezeka kwenye mitambo ileile ya chipu za kompyuta, na kilichokusudiwa anga kikaishia mifukoni mwa watu. Makarani milioni walikuwa na tabu zao: kila mmoja alikuwa na upogo wake, na transista, yaani swichi ndogo za umeme za karani huyo, zilifunika sehemu ya silikoni iliyopaswa kupokea mwanga. Tabu ya pili ilitibiwa kwa kugeuza chipu ili mwanga uingie kwa nyuma.

Kiwandani kuna tatizo lingine. Vihisi vingi vya CMOS husoma safu moja baada ya nyingine. Chupa ikipita kwenye mkanda kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde, na kihisi kikatumia milisekunde 20 kusoma safu zote, kati ya safu ya kwanza na ya mwisho chupa imesogea sentimita 4. Lebo iliyonyooka itaonekana imepinda, na mashine itaikataa chupa nzima bila kosa. Vipo vihisi vya CMOS vinavyonasa safu zote kwa wakati mmoja, ila kila pikseli hulazimika kuwa na ghala lake la chaji, na nafasi ya ghala hutoka mahali fulani.

Kwa upande mwingine, kamera ya darubini ya Rubin kule Chile ina CCD 189 zenye jumla ya pikseli bilioni 3.2. Hufungua macho kwa nusu dakika hivi kila picha, kwa hiyo kasi ya milisekunde haina faida kwake. Mtafiti anayefuatilia seli hai chini ya hadubini ana haraka hiyo hasa, naye CMOS imemkomboa.

Ipi bora, basi? Kwanza niambie una mwanga kiasi gani. Fotoni huja kwa bahati: ukihesabu 10,000, hesabu yenyewe huyumba kwa takriban 100, na kosa la amplifaya la elektroni 5 halionekani kabisa. Ukihesabu 9, huyumba kwa 3, na kosa lilelile la 5 limekumeza. Mabishano mengi niyasikiayo ni ya watu wenye mwanga tele.

Dukuduku langu liko kwingine. Makarani wa CMOS wakiwa ndani ya chipu, imekuwa rahisi mno kuwaongezea kazi ya kusafisha matokeo kabla ya kuyatangaza. Baadhi ya kamera za kawaida huona pikseli moja inayong'aa kuliko jirani zake na kuisawazisha, zikidhani ni mbovu. Nyota hafifu nayo huangukia pikseli moja. Hufutwa hata kwenye faili inayoitwa ghafi, na mwenye kamera hana njia ya kuirudisha.