Nusu saa ya tepu juu ya mlingoti

Mwenye boti hapa Lamu akifungiwa redio ya mawasiliano ya VHF, ubishi huzuka kwenye bei ya kufunika konekta ya antena, yaani kiungio cha kebo na antena. Fundi mmoja hupaka silikoni, dakika tano kashuka. Mwingine huchukua nusu saa: tepu nyeusi ya kawaida ya umeme, juu yake tepu ya mpira inayojishika yenyewe, kisha tepu nyeusi tena. Huyu wa pili ndiye anayeambiwa anavuta kazi apate pesa.

Silikoni ina haki yake: ni rahisi kupaka, na ile isiyo na asidi huziba vizuri. Ila inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula shaba ileile tunayoikinga.

Fundi wa tepu anaonewa. Konekta ya PL-259, aina inayotumika sana kwenye redio za boti, haizuii maji hata uikaze vipi, na maji ya chumvi yakishaingia husafiri ndani ya nyuzi za shaba zilizosukwa kama mafuta kwenye utambi. Hapo utabadilisha kebo, si konekta. Tepu ya ndani huiacha konekta safi siku ya kuifungua, mpira huziba, tepu ya juu huukinga mpira na jua. Hii ya juu huzungushwa kuanzia chini kupanda, kama makuti yanavyoezekwa, ili maji yateremke juu ya kila mzunguko.

Kinachonitia hofu hasa ni kwamba hasara yenyewe haionekani. Kebo ikipoteza desibeli 3, yaani nusu ya nguvu, wati 25 za redio hufika kwenye antena zikiwa 12.5, na sauti inayokuja hupungua vivyo hivyo. Ukipima SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena; 1 ndiyo bora) chini kwenye redio, kebo mbovu hukupa kipimo kizuri, maana nguvu inayorudi nayo humezwa njiani. Kwa hasara hiyo ya desibeli 3, hata antena ikiwa imekatika kabisa, mita itasoma 3 tu. Nahodha anaiona mita imetulia, anang'oa nanga kwenda Kiwayu wakati wa kusi. Akiita chaneli 16, ile ya kuombea msaada, nani atamsikia?

Mimi ningemlipa wa nusu saa, kwa sharti moja. Asipande asubuhi kukiwa na umande, maana tepu zile zile zitaufungia unyevu ndani. Apande adhuhuri, konekta ikiwa kavu, na kebo aiachie mkunjo wa kuning'inia kabla haijaingia chumbani, maji yadondokee hapo.